Majarida ya Mapenzi ya Bi Secondina

Evasio Gribaudo aliyaona majarida yale kupitia mlango wa stoo ulioachwa wazi, na papo hapo akaona meno yake mapya. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na tapeli mwenye pengo hana kazi mjini Turin: kila akitamka uongo mtamu, mluzi unamponyoka, watu wanacheka badala ya kutoa pochi. Daktari Peyron, daktari wa meno mwenye wazimu wa kukusanya majarida ya zamani ya mapenzi na ndoa, alikuwa ameahidi kumtengenezea meno mapya bure, mradi amletee *Ndoa Njema* ya mwaka 1953, matoleo yote, kurasa zote.

Na hayo hapo, yamefungwa kwa kamba, bibi harusi wa jalada la juu akitabasamu.

Mwenye stoo, Bi Secondina, mjane asiye na jino hata moja, alikuwa akimenya viazi. Evasio alikuwa na kanuni moja ya kazi, aliyoiheshimu kuliko amri za kanisa: kitu unachokitaka, kiponde. Akaziba pua. Akasema majarida hayo yameota ukungu, yanaleta panya, na kwa huruma yake tu angeweza kwenda kuyatupa.

"Niyaone mara ya mwisho," alisema Bi Secondina. "Hebu fungua kamba, mwanangu."

"Nishike uchafu ule? Mama, mimi mapafu yangu mabovu."

"Haya. Lakini nitayakumbuka. Labda ungenipigia rangi jikoni, nijiliwaze."

Jiko lilimchukua siku tatu, dari likiwemo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali na mgongo ulimuuma vibaya sana. Bi Secondina alimletea supu ya maharage, akamuuliza mbona anapiga mluzi akiongea. Evasio, shibe ikimlegeza ulimi, akamtaja Daktari Peyron, yule mwehu aliyejaza kuta zake mabibi harusi wa majarida. Akashtuka, akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Rangi ilipokauka, Evasio aliyabeba majarida hadi kliniki, na Daktari akaikata kamba kwa pupa. Ukurasa wa barua wa toleo la kwanza ulikuwa na tundu la mraba. Toleo la pili, tundu. Mengine yalibaki jalada na matangazo ya sabuni.

"Barua za wasomaji zimekatwa zote," Daktari alisema kwa huzuni. "Ndizo nilizokuwa nazitafuta."

"Na meno?"

"Meno gani, Evasio?"

Siku mbili alizimaliza akinywa divai kwa hasira, kisha akarudi kwa mjane. Bi Secondina alimweleza bila haraka. Mwaka ule familia kumi na moja za jengo lile zilichanga kununua nakala moja ya kila toleo, ikapanda ghorofa kwa ghorofa. Wanawake ndio walioandika barua hizo kwa majina ya uongo, na kila mmoja alikata yake kabla mumewe hajaisoma akajitambua. Na ndoa za jengo lile zilikuwa na shida nyingi. Vipande vyote Bi Secondina mwenyewe alivibandika kwenye daftari.

"Mbona hukuniambia?"

"Siku tatu unasema ni uchafu. Mimi nani nibishane na fundi rangi?"

Evasio akalainisha sauti. "Daftari hilo nalo, mama, si linaleta panya?"

"Liko kwa Daktari Peyron tangu jana. Meno yangu yatakuwa tayari Jumatatu, juu na chini."

Akamsogezea bakuli la supu.

"Kula, mwanangu. Hii haitaki kutafuna."