Ombi la Kufungwa kwa Ukurasa Wenu wa Michezo ya Simu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Simu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na simu yako ina chaji. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndilo duka, cha kati tunalala mimi na mke wangu, ambaye ni muuguzi, na cha nyuma anakaa mama mkwe tangu alipopasuliwa goti. Mimi ni msomaji wako mwaminifu. Kila Jumamosi mnapopendekeza programu au mchezo mpya, mimi huupakua kabla sijamaliza kusoma sifa zake. Hapo ndipo lilipo kosa, na kwa kuwa siwezi kulibeba peke yangu, nimeona nikugawie.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu ya kuhesabu hatua. Mliandika kwamba haidanganyiki. Mke wangu alifurahi, maana daktari alishanionya nitembee, presha inapanda. Nikaitia simu ndani ya soksi, nikakaa kwenye cherehani yangu ya miguu kama kawaida, nikashona mashati. Jioni programu ikanipongeza kwa safari ambayo hata punda angeomba apumzishwe. Sikusema uongo, Ndugu Mhariri, nilinyamaza tu. Mke wangu akanisifu kazini, wauguzi wenzake wakawataja waume zao kwa masikitiko. Siku niliyokwenda hospitalini kwao kupima presha, lifti ilikuwa mbovu. Mtembezi maarufu akaketi kwenye ngazi akihema kama aliyefukuzwa na nyuki, mpaka mama mmoja mjamzito akamshika mkono na kumfikisha juu. Wauguzi walikuwa wamejipanga mlangoni wakisubiri kumwona.

2. Mchezo wa shamba. Mlisema unatuliza akili. Mimi sijawahi kushika jembe, hata mchicha hununua, lakini nilipanda kabichi. Kabichi za simu zisipovunwa kwa wakati huoza, na mtu mwenye roho hawezi kutazama mali ikioza. Nilikuwa nikinyoosha suruali ya mwalimu mkuu, ya sherehe ya kumuaga anapostaafu, kabichi zikaita. Nikaenda kuvuna. Niliporudi, ingawa sikuwa nimenyanyuka kitini, pasi nayo ilikuwa imevuna makalio ya suruali. Mwalimu mkuu ni mtu mpole. Alilitazama lile tundu, lenye umbo kamili la pasi mpaka ncha, akaniuliza kwa sauti ya darasani nilikuwa wapi. Nikamjibu nilikuwa shambani. Nasikia alihudhuria sherehe yake na koti la mvua, akahutubia bila kugeuka, kisha akatoka ukumbini kinyumenyume. Watu walidhani ni uchungu wa kuwaacha. Wengine walilia.

Hayo mawili ningeyameza. La tatu ndilo lililonikwama kooni.

3. Drafti. Kwanza ufahamu kwamba mimi na mama mkwe tulikuwa tukiheshimiana sana, yaani hatukuwa tukizungumza. Chumvi ikizidi, alimwambia binti yake amwambie mumewe. Nami nikisikia fimbo yake ikija, nilijifanya natafuta sindano. Nyumba ilikuwa na amani ya kutosha.

Ndipo mkapendekeza drafti ya kucheza na watu usiowajua. Nikajiita Bingwa. Nikakutana na mtu aliyejiita Chui Kimya, akanila kete kama mtu anayetafuna karanga. Kesho yake tena. Mchezo ule unaruhusu kuandikiana, basi nikamwandikia kwamba anabahatisha, na kwamba kichwani mwake mmejaa pumba. Akajibu, "Pumba hizo ndizo zinazokula kete zako." Nikamwita mzee asiye na kazi. Akajibu kwamba kazi anayo, ni kunifundisha mimi.

Tukiwa mezani siku hiyo, mama mkwe akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie kwetu, akasema taratibu, "Baba, ile kete ya pembeni usiwe unaiacha wazi. Na kazi ninayo, ila goti halijapona."

Kijiko kilinidondoka. Mke wangu alicheka mpaka akaenda kuegemea friji. Niliomba radhi nikiwa nimeinamia sahani, ardhi nayo ikakataa kupasuka. Mama mkwe akasema matusi yangu huyasikia ukutani kabla sijayaandika, na radhi ataitoa ubaoni.

Tangu hapo sina raha ya kufanya kazi. Nikiwa nakata kitambaa, sauti inatoka chumba cha nyuma: "Mkwe, zamu yako." Siku nyingine anakuja dukani na fimbo yake, anakaa kwenye kiti cha wateja, tunacheza kila mtu na simu yake huku viwiko vyetu vikigusana. Amenieleza kwamba aliyemfundisha drafti ni marehemu mumewe, kwa vifuniko vya soda, na tangu amzike hakupata mtu wa kucheza naye. Nikamuuliza kama mzee alikuwa hodari. Akasema hapana, alikuwa ovyo kama mimi, lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Sasa niambie, Ndugu Mhariri, mtu akiambiwa maneno kama hayo na mama mkwe wake, anaweza kushona mshono ulionyooka?

Kwa hiyo naomba ukurasa wenu ufungwe mara moja. Naomba pia mwalimu mkuu aandikiwe kwamba kosa ni la kabichi. Na mniletee mtu hodari wa drafti acheze badala yangu walau mchezo mmoja, nipate heshima nyumbani kwangu. Mkishindwa, nitahamia gazeti jingine, ingawa ukurasa wao wa simu hauna picha.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, mlinzi wa getini, na yule anayeijaribu michezo kabla hamjaipendekeza. Kama hayupo, mwajirini.

Ni mimi niliyevurugwa,
Fundi wa chumba cha mbele

Nyongeza: Mama mkwe ametoka hospitali leo, daktari ameridhika na goti. Wiki ijayo anarudi kwake, na huko mtandao unashika kwa kubahatisha. Kabla hamjaufunga ukurasa, tafadhali tupendekezeeni drafti isiyohitaji mtandao wenye nguvu, ambayo watu wawili walio mbali wanaweza kusogeza hata kete moja kwa siku. Ikiwezekana iwe Jumamosi hii. Inayofuata tutakuwa tumechelewa.