Mgongo Umepona, Suruali Imeanguka

Wandugu, leo nimeaibika mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya mama mkwe. Nawaambia mimi kabla Tonton Bosco hajawaambia, maana yeye ataongeza chumvi. (Na kweli hakuna haja ya chumvi.)

Wengi mnajua hali yangu. Mwaka mzima, nikitembea kwenda kwenye duka langu la mchele, miguu inakufa ganzi njiani. Lazima nikae. Nikae wapi? Popote: kwenye ngazi za watu, kwenye magunia ya makaa, siku moja hata juu ya jeneza kwa fundi seremala. Nikiinamia baiskeli na kuisukuma, maumivu yanapungua. Kwa hiyo Kisangani nzima inanijua kama mtu aliyenunua baiskeli asiyojua kuipanda. Picha zilionyesha uti wa mgongo umebana chini, kiunoni, mishipa haina nafasi. Nilikuwa nipasuliwe Goma. Vita vikafunga njia ya Goma.

Vita hivyo hivyo vilimleta mama mkwe. Alitoka upande wa Butembo na sufuria moja na nguo alizovaa. Mwanawe wa mwisho, Muhindo, walipotezana naye njiani. Simu yake haiiti. Tangu afike, mama hacheki, chakula anakigusa tu. Mimi na yeye tunaheshimiana kikwetu: akipita kwenye korido nageukia ukuta, akinisemesha anaangalia pembeni. Katika nyumba ndogo iliyojaa wakimbizi kila kona, heshima hiyo ni kazi ngumu.

Bon. Juzi daktari mmoja aliyekuja kutoka Kinshasa alinipasua kwa njia mpya. Tundu dogo, bomba jembamba, akakwangua mfupa uliokuwa unabana. Leo asubuhi ameniruhusu kutoka.

"Usiiname, usibebe kitu, usijipinde," akasema. "Kitu kikianguka, kiache huko huko chini."

Mkanda nao marufuku, unakwaruza bendeji. Nikafunga suruali kwa kamba. Nguo zangu za ndani zina mpira mkali, basi mke wangu, Masika, alikuwa ameniletea moja yake: pana, laini, yenye maua mekundu. Nikaivaa. Nani ataiona?

Nafika nyumbani. Sebule imejaa. Wamama wa kanisa wamekuja na nyuso za matanga, tayari kumwimbia mtu anayebebwa. Mimi naingia kwa miguu yangu, nimenyooka kama mlingoti. Niliona kabisa nimewaharibia siku.

Tonton Bosco, mjomba wa mke wangu, ndiye hakuridhika.

"Walikupasua wapi?"

"Kiunoni, tonton."

"Shimo iko kubwa?"

"Kama ukucha."

"Ukucha! Papa Gloire, mugongo haiponake na shimo ya ukucha. Alors, walikuiba figo. Simama, tuone." (Papa Gloire ndiye mimi.)

Masika alikuwa sokoni, hakuna wa kunitetea. Nikasimama, nikampa tonton mgongo, nikainua shati kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Bendeji ilikuwa chini kidogo. Akavuta suruali kidogo tu.

Kamba ikafunguka. Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu.

Na mbele yangu, wakati huo huo, pazia la korido likafunguka. Mama mkwe! Mkononi ana sahani ya lituma, ndizi alizoziponda mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa.

Mungu wangu! Kuinama, marufuku. Kukimbia, nimefungwa miguu. Nikashusha shati. (Shati lenyewe fupi.)

"Tonton, ivute juu!"

"Siwezi kuangalia, nimefunga macho!"

"Basi papasa!"

Akapapasa. Akashika goti langu. "Iko wapi?"

"Chini, tonton! Chini!"

Wamama wakageukia ukuta. Mmoja akaanza kusali kwa sauti. (Alikuwa anamwombea nani, sijui.)

Ndipo mama mkwe akasema, polepole, akiangalia pale pale ambapo hatakiwi kuangalia: "Ile maua... si ni ile nilimununuliaka Masika, wakati wa ndoa?"

Sauti ikamtoka. Nilidhani analia. Kumbe anacheka! Akaweka sahani chini, akaegemea mlango, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Wamama wakageuka kutoka ukutani. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile.

"Muhindo angeona hii," akasema, "Muhindo angekufa na kicheko."

Halafu akalisikia neno alilolisema. Kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, kile ambacho hakuwahi kukilia tangu afike. Wamama wakamzunguka, wakakaa naye chini. Tonton, macho bado amefunga, akaipata suruali, akaipandisha, akaishikilia kiunoni kwa ngumi, maana kamba haikuonekana. Tukabaki tumesimama hivyo, mimi na yeye, muda mrefu. Miguu yangu haikufa ganzi. Ingekuwa zamani ningekuwa nimeshaanguka.

Jioni hii mama amekula. Kidogo, lakini amekula. Kisha amejaribu tena simu ya Muhindo. Haiiti.

Donc, nawaomba, msinicheke. Ruhusa anayo mama mkwe peke yake, na kama nina hakika atacheka tena, hata kesho suruali naiangusha.