Wimbo Wetu Haujawa Zilipendwa

Kwa Ndugu Msimamizi,
Kundi la Masikio Mema.

Ndugu Msimamizi, ambaye pia ni shemeji yangu,

KUHUSU: WIMBO WETU KUINGIZWA KATIKA ORODHA YA ZILIPENDWA BILA RIDHAA YA WANAOUPENDA

Natumai barua hii itakukuta salama hapo kwenye duka lako la dawa, umevaa koti lako jeupe na unawahesabia watu vidonge. Mimi ni mzima kiasi. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu njia ya simu uliifunga mwenyewe uliponitoa kundini. Wapo wanaosema nilifukuzwa, na ningependa tuliweke sawa jambo hilo. Nilikuwa nimeshaamua kutoka kwa hiari yangu, ila wewe ukanitangulia kubonyeza.

Nakuandikia kwa heshima zote, kwanza kama mpenzi wa muziki, pili kama mume wa dada yako mdogo, na tatu kama kinyozi ambaye kichwa chako hupita chini ya wembe wake kila mwisho wa mwezi. Hilo la tatu nimelitaja kwa kumbukumbu tu.

Unajua tunavyofanya kazi hapa. Ni chumba kimoja: mbele kiti changu na kioo, nyuma dada yako na cherehani yake, na katikati rafu yenye ile spika yetu ambayo upande mmoja ulikufa zamani. Wimbo wetu ni "Mlimani Usinizimikie". Ulipigwa siku ya harusi yetu, nawe ulikuwepo, ukacheza vibaya. Tangu siku hiyo, spika ikiupiga, dada yako hukanyaga cherehani kwa kuufuata, nami huzima mashine mpaka kiitikio kipite, hata kama mteja kanyolewa upande mmoja. Wateja wameshazoea. Sasa spika imenyamaza. Dada yako anashona na waya za simu masikioni, mimi nanyoa nikisikiliza mkasi, na chanzo cha yote ni kundi lako la kupendekezana nyimbo kwenye simu, na orodha zake mbili, Mpya na Zilipendwa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Mimi si mwalimu wa lugha, lakini hiyo "li" naifahamu vizuri. Mtu akisema alikula, sahani ni tupu. Akisema alikuwepo, usimtafute. Kwa hiyo zilipendwa ni nyimbo ambazo watu walizipenda, wakachoka, wakaenda zao. Nani alikuambia mimi nimekwenda? Jaribu nyumbani kwako, shemeji. Mwite mkeo mpendwa, atatabasamu. Mwite alipendwa, halafu uone kama jioni utapakuliwa.

Siku nilipoukuta wimbo wetu kwenye orodha hiyo nilimwonyesha dada yako, nikitegemea angewaka kunishinda. Alikuwa anakata uzi kwa meno. Akatazama simu, akasema, "Kwani si ulipendwa kweli?" Kisha akarudi kwenye pindo la sketi. Wakati huo nilikuwa na mteja kitini na mashine mkononi. Kama umemwona yule bwana wa duka la vipuri akivaa kofia kwenye jua na kwenye kivuli, sasa unajua sababu.

2. Orodha ya Mpya na tabia yako ya kuifagia. Kila Ijumaa unafuta nyimbo zote za Mpya kama ninavyofagia nywele sakafuni, ili watu walete nyingine. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na vidonda nimevisikia vingi humo. Mimi nilikuwa naweka wimbo wetu kwenye Mpya kwa sababu kwangu ni mpya kila nikiusikia. Ijumaa unaufuta, Jumamosi naurudisha. Wewe uliita usumbufu. Mimi nauita uaminifu, na nashangaa mtu uliyeoa huoni tofauti.

Halafu Ijumaa moja hukuufuta. Uliuhamishia Zilipendwa, kimyakimya, bila hata kuniuliza. Kufutwa nilikuwa nakuvumilia, maana nywele zikifagiwa huota nyingine. Lakini kuwekwa kwenye kabati la kumbukumbu huku unapumua ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipotuma ile sauti yangu nikiuimba wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, na ndipo ukanitoa. Nakubali kwamba ubeti wa pili nilipanda juu kidogo.

3. Ile dokumentari, yaani filamu ya historia ya bendi iliyopiga wimbo wetu. Mwanachama wako, fundi bomba, yule mnayemwita Sikio la Kufa kwa sababu kwenye kila tamasha husimama na kuegemea spika, na sasa ukimweleza bomba linavuja lazima umweleze mara mbili, ndiye aliyeipendekeza. Nawe ukaidhinisha kwa mtindo wako wa dukani: "Tazameni wote, baada ya kula." Tukaitazama hapa kazini kwenye simu ya dada yako, tumeiegemeza kwenye chupa ya spiriti.

Akatokea mtunzi mwenyewe, mzee sasa, kofia nzuri, kakaa kwenye kochi. Akaulizwa kuhusu wimbo wetu. Akasema, bila aibu, kwamba aliutunga kwa ajili ya pikipiki yake. Eti aliinunua ikiwa imeshachoka, na kila akifika kwenye mlima ilikuwa inamzimikia. Shemeji, mimi wimbo huo nimewapa watu kama ushauri nasaha. Mabwana harusi wamekaa kwenye kiti changu nikawaambia: sikiliza maneno, mlima ni shida za maisha, moto wa mapenzi usizimike njiani. Ule mngurumo wa mwisho nimewaeleza watu wazima kwamba ndio moyo wa mwanamume anayependa. Kumbe ni injini.

Kundi lako likajaa vile vichwa vya njano vinavyocheka mpaka machozi. Dada yako alicheka mpaka akamwaga pini zote. Mimi sikuimaliza filamu hiyo. Nilitoka nje, nikasimama mlangoni kama mtu anayesubiri wateja.

Msimamo wangu ni kwamba mtunzi amekosea. Kinyozi hajinyoi, na mtunzi asijitafsirie. Yeye alikuwa na wimbo huo mchana mmoja tu alipoutunga, sisi tumekaa nao ndoa nzima, kwa hiyo tunaujua zaidi. Naomba kundi liwaandikie waliotengeneza filamu hiyo waondoe kipande hicho, au kwa uchache pikipiki ipewe jina la mwanamke.

4. Mapendekezo kwa mke wa mtu. Baada ya filamu, Sikio la Kufa alimwandikia dada yako, kundini, mbele ya watu: "Dada, urudie ule wimbo wa mwisho ukiwa peke yako, kwa waya, siyo kwa hiyo spika yenu mbovu." Wimbo gani, sikujua, maana niliondoka kabla ya mwisho. Lakini nakuuliza, ndani ya chumba hiki atakuwaje peke yake wakati nipo? Ndivyo waya zilivyoingia nyumbani mwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mke wangu ndiye anayezishona.

Siku moja akiwa kwenye cherehani nilimwona anatabasamu, kisha akacheka, peke yake, na kitu kilichokuwa masikioni mwake. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Hutaelewa mpaka uache kununa." Sikuwa nimenuna. Nilikuwa kimya kwa sababu zangu. Mchana huo hapakuwa na mteja, nikakaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja, nikamtazama kupitia kioo. Akawa anakanyaga cherehani kwa mwendo wa muziki nisiousikia. Niliumia, shemeji. Sina njia nzuri ya kuliandika hilo kirasmi.

5. Tamasha. Umetangaza kwamba ile bendi inakuja, na unapendekeza twende wote. Hivi unajua waliobaki ni wangapi? Waliobaki ni mpiga ngoma na yule aliyekuwa akimbebea ngoma. Dada yako ameshaandikisha jina lake. Akaniuliza, "Tutaenda?" Nikamjibu kwamba siendi kwenye mazishi ya watu wazima na afya zao. Akasema, "Basi."

Wewe ni mwanamume mwenye ndoa, kwa hiyo basi unazijua. Ipo basi ya kukubali na ipo basi ya kufunga mlango taratibu. Hii ilikuwa ya pili.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo yatekelezwe mapema iwezekanavyo. Orodha ya Zilipendwa ibadilishwe jina iitwe Zinapendwa, na wanachama wote wapigwe marufuku kutumia wakati uliopita wanapozungumzia muziki, ikiwemo "nilisikia" na "tulicheza". Mapendekezo yote yanayomlenga mwanamke aliyeolewa yapitie kwanza kwa mumewe, ambaye atayasikiliza kwa muda wa kutosha kabla ya kuyafikisha. Waya ziruhusiwe sikio moja tu, kwa kuwa sikio la pili ni mali ya ndoa. Sikio la Kufa ahamishiwe kundi la mpira. Tamasha liahirishwe mpaka nitakapokuwa tayari.

Usipotekeleza, nitaendelea na kundi langu mwenyewe, Masikio Bora, ambalo nimeshachaguliwa kuwa mwenyekiti bila kupingwa. Kwa sasa lina mwanachama mmoja na pendekezo moja, na hatujawahi kugombana. Pia nakukumbusha kwamba mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Nawe una wimbo wako unaoupenda, ule wa filimbi. Leo wangu, kesho wa filimbi.

Ukweli wenyewe, shemeji, kwa kuwa karatasi bado ina nafasi, ni huu. Sijali sana bendi, wala pikipiki. Dada yako aliposema "si ulipendwa kweli" alikuwa anatazama simu, lakini mimi nilihisi ananitazama mimi. Nina mvi ambazo sijinyoi vizuri upande wa nyuma, nasimulia mambo yaleyale, na mzaha wangu wa kunyoa upara ameshausikia. Naogopa orodha iliyobadilika si ya nyimbo peke yake. Naogopa na mimi nimehamishwa, na nimekuwa wa mwisho kujua. Kwa hiyo nakuomba uurudishe wimbo wetu kwenye Mpya, ili nami nijue niko wapi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie goti lake tunaliulizia kila siku. Nisalimie mkeo na watoto, wale wanaotaka kunyolewa michoro wasubiri shule zifungwe. Wasalimie pia wanachama wote wa Masikio Mema, hata walionicheka, na wagonjwa walio kwenye foleni yako wakati unasoma barua hii badala ya kuwahudumia. Sikio la Kufa simsalimii, lakini kwa kuwa hatasikia, hakuna haja ya kumwambia.

Ni mimi wako katika muziki na ukwe,

Kinyozi,
Mwenyekiti wa Masikio Bora na mume (bado) wa dada yako.

Tanbihi:

Barua hii nilimpa dada yako aje nayo, kwa kuwa hupita hapo kwako akienda kununua uzi. Bahasha nilikuwa sijaibandika gundi. Akaisoma yote akiwa amesimama karibu na cherehani. Alipofika namba mbili alitoa waya wa sikio moja. Alipofika kwenye mvi akaketi.

Akasema, "Kaka alitaka kuufuta moja kwa moja, amechoka na wewe. Mimi ndiye niliyemwomba auweke Zilipendwa. Mpya si zinafagiwa kila Ijumaa? Zilipendwa hazifutwi." Hilo sikulijua. Kanuni za kundi ulizituma siku ya kwanza, nami nilizipita nikitafuta nyimbo. Nikamuuliza, basi siku ile mbona alisema ulipendwa. Akasema, "Si ulipendwa? Kwani nilisema umeacha kupendwa?" Hiyo "li" nitaitazama upya.

Kisha akanipa ule waya uliokuwa unaning'inia, niuweke sikioni. Ulikuwa wimbo wetu, kumbe ndio uliofunga filamu, nao ulikuwa umefika mwisho kabisa, kwenye mngurumo. Spika yetu ya upande mmoja haikuwahi kukitoa kilichomo, na kumbe mzee wa kochi alikieleza mwishoni mwa filamu, mimi nikiwa mlangoni nasubiri wateja. Pikipiki inapigwa teke inagoma, inapigwa tena inagoma, halafu inawaka, na nyuma yake, kwa mbali, yupo mwanamke anacheka. Ni mkewe. Alikuwa kapakiwa. Ndiye aliyekuwa akishuka kuisukuma kila mlima, na wimbo ulikuwa wa kumwomba radhi. Tukausikiliza mara nyingi, tumeinamiana kwa sababu waya ni mfupi. Mteja mmoja aliingia, akatutazama, akatoka.

Barua nilitaka kuichana. Dada yako amekataa, anasema lazima uisome, tena kwa sauti, kundini. Basi ichukulie kwamba iliandikwa. Maombi yangu yote nimeyaondoa. Mwambie Sikio la Kufa aje nimnyoe, nitamweleza mara mbili. Kwenye tamasha tuandikie watu wawili, mbali na yeye na spika zake.

Na ukinirudisha kundini, shemeji, usiniweke Mpya. Niweke kule kusikofutwa.