Mkakati wa Kumsifia Mpole

Jumatatu, tarehe 3

Iandikwe, na wajukuu waje wasome: leo asubuhi nimekalia rasmi kiti cha kuzunguka. Kina mgongo, kina mikono, kinapanda na kushuka. Nimezunguka kulia. Nimezunguka kushoto. Hadhi!

Kilikuwa cha mhasibu. Alipunguzwa Ijumaa.

Mchana bosi akatuita sisi wauza magodoro, yaani mimi na Mpole. Jina hilo nilimpa mimi, na si kwa kumsifu. Bosi akasema uchumi umelegea, watu wanalala kwenye walivyonavyo, na duka haliwezi tena kubeba wauzaji wawili. Mwezi uliopita tulilingana: hakuna aliyeuza. Kwa hiyo Jumamosi atabaki mmoja, yule atakayeuza zaidi wiki hii.

Mpole akanipa mkono, akanitakia heri. Mnafiki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, tarehe 4

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mtu wa kawaida angehangaika kuuza magodoro. Mimi nimeona mbali: Mpole akipata kazi kwingine, nabaki peke yangu, na aliye peke yake hapunguzwi.

Mchana nikavuka barabara hadi duka la viti na meza. Mwenyewe ni mzee mkavu, anaongea kana kwamba maneno yanatozwa kodi. Nikamwambia pale kwetu kuna kijana anayeweza kumuuzia popo kitanda. Akauliza kama ni huyo anayewaambia wateja godoro ni gumu. Nikasema huo ndio ujanja wake. Mzee akafikiri. Akasema ana nafasi moja. Atamwangalia kupitia kioo cha duka lake, akiridhika atamchukua.

Umekwisha, Mpole!

Jumatano, tarehe 5

Tatizo dogo. Ili mzee amwone Mpole akiuza, lazima Mpole auze. Na Mpole hajui kuuza. Asubuhi kamwambia bwana mmoja kwamba godoro lake la zamani bado linafaa, aligeuze tu upande wa pili. Bwana akashukuru, akaenda kugeuza.

Nikaingilia kati. Wakaja wachumba wawili, wameshikana mikono, wateja wa kujiuzia wenyewe. Wakanijia mimi. Nikashikwa na kikohozi cha ghafla, nikawaelekeza kwa Mpole. Wakachukua kubwa kuliko yote. Ng'ambo mzee alikuwa kiooni, mikono nyuma. Nadhani aliitikia kwa kichwa. Au alikuwa anasinzia.

Jioni nikamweleza mke wangu. Akaacha kukunja nguo.

"Baba watoto, hebu nielewe. Atakayeuza zaidi ndiye anayebaki?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe unampa mwenzio wateja wako."

"Kwa muda tu."

"Haya. Basi nimwambie mama afagie kile chumba cha uani."

Anasema hivyo kwa sababu kazi ikiisha hatutaweza kulipa pango la nyumba, na pa kwenda ni kwa mama mkwe tu, ambaye hajaniafiki tangu siku ya posa. Mke wangu ni mtu mwema, ila mikakati hana.

Ijumaa, tarehe 7

Mtihani! Kaja mama mwenye nyumba ya wageni, mteja wangu wa siku nyingi, anataka magodoro ya vyumba vyote. Vyote! Mate yalinijaa. Lakini mzee alikuwa kiooni, na kikohozi nilishakitumia. Nikajitupa kwenye kitanda cha maonyesho, nikavuta shuka, nikajifanya nimelala.

Mama akanisimamia. Nikamsikia akisema kwamba kama muuzaji mwenyewe anapitiwa na usingizi mchana kweupe, basi godoro hili halina mpinzani. Akamwita Mpole, akaagiza yote ya aina hiyo hiyo.

Mpango umekaa vizuri, isipokuwa jambo moja. Lile godoro ni laini kweli. Nilipofumbua macho bosi alikuwa amesimama miguuni pangu, na kwa uso wake, alikuwa amesimama kitambo.

Jumamosi, tarehe 8

Nimepunguzwa. Mpole amebaki.

Bosi akasema hana kinyongo, ila katika wiki ya kupimwa, mimi nilichagua kupimwa nimelala. Kiti cha kuzunguka nimekiacha palepale. Niliuliza kama naweza kwenda nacho.

Nikiwa nakusanya vitu vyangu, mzee wa viti kaingia kumfuata Mpole. Nikatega sikio. Mpole akakataa! Akasema bosi kamwamini, hawezi kumkimbia wakati maji yamezidi unga. Kisha akaanza kumsihi mzee anichukue mimi.

"Kaka yangu huyu ana moyo, mzee. Anajua kazi yake iko hatarini, na bado kila mteja mzuri ananiletea mimi. Mtu wa namna hiyo utamkuta wapi?"

Machozi yalimlengalenga. Mimi pia, kwa sababu zangu. Mzee akanikagua kama kiti kinachochechemea, akasema nianze Jumatatu, kwa majaribio.

Mke wangu akampigia mama yake simu, asimamishe ufagio kwanza. Asiuweke mbali.

Jumatano, tarehe 12

Viti navyo havitoki. Wanaolala kwenye walivyonavyo wanakalia pia walivyonavyo. Leo mzee kapita akinung'unika kwamba humu watu wamekuwa wengi kuliko wateja. Na watu tuko wawili: mimi, na mama mmoja wa makamo anayepokea malipo. Ananitazama juu ya miwani. Ana funguo za kila droo. Anamwambia mzee nyamaza, na mzee ananyamaza. Huyo ni mtu wa kuondolewa mapema.

Safari hii sirudii kosa. Kosa halikuwa kumsifia Mpole, kosa lilikuwa kumpa na wateja. Huyu namsifia tu.

Mchana nikavuka kwenda kwa bosi wa zamani. Nikamweleza kwamba yule mama ni hazina, lakini anaozea pale chini ya mzee bahili asiyejua thamani yake, na akibembelezwa kidogo tu atamwacha mzee bila kugeuka nyuma. Bosi akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nimeyaona kwa macho yangu. Akasema basi jambo zito kama hilo atavuka amfikishie mzee mwenyewe, leo hii.

Sijui kwa nini amfikishie mzee. Lakini kavuka, na wamezungumza muda mrefu.

Jioni, wakati wa kufunga duka, mzee alimbebea yule mama mkoba. Ni mke wake.