Mashini Ilimeza Kikwembe Yangu

Leo nimepata haya, bandugu zangu ba kushona, haya ya kujificha ndani ya pipa. Musome mpaka mwisho, kisha mucheke.

Asubui, roho yangu ilichoka kuvumilia. Tuko banamuke kumi na mbili pa kufulia nguo za hoteli, mikono mu sabuni. Madamu, muke wa mukubwa wa hoteli, akaleta mashini mupya: tumbo ya chuma, na juu rulo mbili za kukamua maji.

"Kuanzia leo, hii njo itafua. Nabakiza bawili. Bengine, kwenu."

Kwenu! Nikikosa kazi, mume wangu ananituma ku kijiji yabo Lukafu kulimia mama yake muhogo. (Mama-mukwe, nakuheshimu. Lakini hapana!)

Kwetu hatugombani na mutoto mu mugongo. Nikapatia Mama Vero, mwenzangu wa kufua, katoto kangu. Nikakaza kikwembe ku kiuno, fundo ya vita, ncha inaning'inia mbele. Nikaenda.

"Madamu, hii kitu haina macho! Itaona wapi doa ya mvinyo?"

"Mashini haichoki, Germaine."

"Na haijui kusoma! Miye nilisoma kwa masista!" (Kusoma inaingilia wapi mu shuka? Sijui. Hasira.)

Nikainama kuonyesha na kidole rulo zenye zilikuwa zinazunguka. Rulo ikakamata ncha ya kikwembe. Ikaanza kumeza! Na fundo ya vita haifunguki upesi, bandugu. Mashini inavuta, miye narudi nyuma kama mbuzi ya soko.

"Fungua!" Mama Vero anapiga kelele.

"Zima!" miye napiga kelele.

Madamu anazunguka mashini, hajui pa kuizima. Fundi mwenye aliiwasha alienda kunywa kahawa.

Nikafungua na kucha. Kikwembe yote ikapita, ikatokea upande ingine, imekamuliwa muzuri sana. (Ukweli ni ukweli.)

Fundi akakuja mbio, akabonyeza kifungo chini ya tumbo. Mashini ikasimama. Na miye katikati, na jipo ya ndani tu, yenye nilishona na mufuko ya bunga. Ku matako, herufi nyekundu: FARINE 50 KG.

Mupishi wa hoteli, mwenye alikuja kuona kelele, akasoma kwa sauti. "Makumi tano tu? Huyu mufuko iko mwongo!"

Nikajifunga kitambaa ya meza, nikaenda ku biro ya mukubwa, nikaomba karatasi, nikaandika:

"Bwana Mukubwa, miye Germaine, mufuaji, nashitaki mashini yenu. Asubui moja ilinyanganya kazi yangu na kikwembe yangu. Tena haiwezi kujizima, na Madamu hajui kifungo. Miye sasa najua. Kikwembe ilisharudisha. Nangojea kazi."