Mishale Minene ya Lazarus Were

Jumatatu, 10 Juni 1968
Baridi ya Muthangari hapa Nairobi imeniingia hadi kwenye meno, lakini leo nacheka. Tajiri wetu, Mzee Jamleck, ana chumba cha nyuma. Atampa askari mmoja: mimi wa geti la juu, au Mukonyo wa geti la chini. Jumamosi tutapiga mishale kwenye gunia, kila mtu kwa upinde wake wa lindo. Mshindi ahamie na mkewe. Chumba kina dirisha! Phoebe wangu yuko Butere mwaka wa tatu sasa, na barua yake ya mwisho haikuwa na salamu. Hata moja. Nikikosa chumba hiki nimemkosa na yeye.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda mjini, duka la vinyago. Nimepata mishale mitatu, minene kama mpini wa jembe, manyoya mekundu. Mwenye duka akasema hiyo wazungu hutundika ukutani. Wivu tu! Nimeijaribu kwenye mparachichi. Wa kwanza kushoto. Wa pili kushoto. Wa tatu ulipita juu ya kuku wa Mama Wanjugu, mke wa tajiri. Kuku yuko salama ila haniangalii tena. Nadhani mti ule umeinama.

Jumatano, 12 Juni
Nimempeleleza Mukonyo. Ajabu! Mtu mzima amekaa kwenye debe, anaweka ufito mmoja mmoja gotini, anaukandamiza kwa dole gumba, anautazama unavyopinda. Zinazopinda sawasawa anaziweka pamoja. Zinazobaki anazitupa. Manyoya anachagua ya bawa moja tu, kama mama anayechambua maharagwe.

Nikamuuliza, kwa ujanja, anafanya nini. Akanieleza bila kuficha kitu. Eti mshale ukiachiliwa hujipinda kidogo ili uuzunguke upinde, kisha hunyooka. Eti kila upinde una mishale yake. Hapo nikajua ananidanganya. Mshale uliopinda si umeharibika?

Alhamisi, 13 Juni
Akili ni mali! Mukonyo alipokwenda kununua mandazi, nilichukua mishale yake mitatu nikamwachia yangu mitatu. Ya kwake ni migumu, imenyooka vizuri. Manyoya mekundu ya ile yangu niliyang'oa nikabandika ya kijivu kama ya kwake, asijue. Dhamiri ilinisumbua mpaka saa sita mchana. Baadaye nilikula ugali ikanyamaza.

Ijumaa, 14 Juni
Lo! Mukonyo amekuja getini kwangu na mishale mitatu myembamba kama matete. Anasema ameipima kwa ajili ya upinde wangu. Upinde wangu ni laini, yeye wake ni mgumu, na mshale mgumu kwenye upinde laini lazima ukimbilie kushoto. Hakutaja wizi. Alinitazama tu, akaniuliza hali ya Phoebe.

Mpinzani akuletee silaha siku moja kabla ya vita? Mimi si mtoto. Ninajua mtego nikiuona. Nimemshukuru sana, nikaitia chini ya kitanda.

Jumamosi, 15 Juni
Aibu. Aibu tupu. Hatua thelathini, gunia kubwa kama ng'ombe. Wa kwanza wa ile niliyomchukulia Mukonyo ukaingia kwenye ua, kushoto. Wa pili ukatoboa suruali ya Mzee ya kanisani, iliyokuwa kwenye kamba ya nguo, kushoto. Wa tatu sikuuona tena. Mama Wanjugu alicheka hadi akakaa chini.

Mukonyo mishale ile niliyomwachia aliikandamiza gotini mara moja tu, akaiweka kando. Akatoa mingine. Gunia, gunia, gunia.

Nimerudi nikalia, sitaficha. Sikulilia gunia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshachagua ukuta wa kuegemeza kitanda.

Jumapili, 16 Juni
Mungu wangu! Baada ya ibada Mzee Jamleck ameniita, akanipa ufunguo. Mukonyo amekikataa chumba! Amemwambia Mzee kwamba mkewe Syokimau hawezi kuacha ng'ombe zake Kangundo hata aitiwe ikulu, na yeye mwenyewe ametosheka kulala kwa nduguye Kawangware. Akasema Were ndiye ana mtu wa kumleta. Nilimfuata Mukonyo nikamshika mkono. Yeye akaniambia tu nipige chokaa kabla Phoebe hajafika.

Kesho alfajiri nakwenda posta kupeleka simu ya maandishi, Phoebe apande treni.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, nikiwa kwenye chumba changu, mbele ya dirisha langu. Ni wazi sasa. Mukonyo aliona mishale yangu minene akaogopa. Hakuna maelezo mengine. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kinyongo, ile myembamba aliyonipa nimeisimika nje, itashikilia nyanya za Phoebe, na kesho nikitoka posta nitapitia duka la vinyago nimnunulie mitatu minene na yeye. Maskini, mtu mwema namna ile, hana wa kumfundisha.