Watoto Kumi na Saba Wasio na Umakini: Hotuba Kamili ya Mheshimiwa Mratibu

(Ilitolewa ukumbini mwa shule, Jumamosi asubuhi, mbele yetu wazazi tulioitwa kwa barua. Yangu ilisema utafiti umemwona binti yangu wa darasa la pili kuwa mmoja wa watoto kumi na saba wasio na umakini, na Jumatatu watahamishiwa chumba chao peke yao. Nimeandika alivyosema. Ya kwenye mabano ni yetu sisi tuliokaa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa majukumu mazito hakuweza kufika; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi; Mwalimu Mkuu na walimu wako wote, wa zamu na wasio wa zamu; Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Katibu wake, Katibu Msaidizi, na yule anayemsaidia Katibu Msaidizi; viongozi wa dini mliopo na mlioomba udhuru; waandishi wa habari, kama mmekuja; mafundi, walinzi, akina mama wa usafi; wazazi wapendwa; na watoto wetu, ambao leo ndio walengwa, ndio wadau, na kwa lugha ya kitaalamu ndio sampuli: kwa ujumla wenu na kwa mmojammoja wenu, nasema itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Majina hayo yalichukua dakika tisa kwa saa ya ukutani. Mama yangu mzazi, niliyemwomba aje anishike mkono, aliuliza kama sasa tunaweza kwenda.)

Nikiwa Mratibu Mkuu wa Mradi Shirikishi wa Utafiti wa Udhibiti wa Umakini katika Ujifunzaji na Makuzi ya Mtoto, naomba nianze na dhana yenyewe, kwa sababu bila dhana hakuna fremuweki, na bila fremuweki tutakuwa tunazungumza tu. Udhibiti wa umakini, ndugu wazazi, ni mchakato endelevu ambao kwao mtoto, akiwa katika mazingira wezeshi ya ujifunzaji, huchagua lililo muhimu na kuliweka kando lisilo muhimu, kwa mfano mwalimu anafundisha kujumlisha na papo hapo nje kunapita, kunapita... hiyo feni hapo juu inalia hivyo kila siku, au ni leo tu?

(Mlinzi aliizima feni. Mheshimiwa akatafuta kwa kidole mahali alipoishia, asipaone, akafungua ukurasa mwingine.)

Matokeo ya awali yanatia moyo sana. Asilimia arobaini na tatu ya watoto huweza kutulia kwa dakika sita. Asilimia thelathini na nane hutulia kwa dakika kumi. Na asilimia thelathini na moja hutulia hata baada ya kengele kulia. Hivyo tukijumlisha tunapata asilimia mia moja na kumi na mbili, jambo linaloonyesha kwamba chini ya usimamizi wangu mradi umevuka lengo.

(Makofi marefu. Mwalimu wa hesabu alikuwa anatazama viatu vyake.)

Wako wanaouliza, huyu Mratibu ana sifa gani? Swali zuri, nami nalijibu bila kujikweza. Nimehudhuria semina kumi na nne, na katika nne kati ya hizo nilikaa mstari wa mbele. Nilipokuwa na umri wa watoto hawa, niliweza kuutazama ukuta tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani, bila kuuliza swali hata moja, na matunda yake mnayaona hapa mbele yenu.

(Kicheko. Fundi cherehani, jirani yangu, aliyekaa nyuma yangu, alisema labda ukuta ndio uliofaulu. Simu ya Mheshimiwa ikaita. Aliipokea, akamwambia mtu kwamba yuko katikati ya shughuli nyeti ya umakini, kisha wakazungumzia rangi ya mapazia kwa dakika nne, ya kijani au ya maziwa. Ikashinda ya maziwa.)

Samahani, hilo lilikuwa la kikazi. Sasa niwatoe hofu wazazi wa wale kumi na saba. Hatujawaacha. Kuanzia Jumatatu, watoto hao watapata fursa adhimu ya kukaa katika Chumba Maalumu cha Kukazia Fokasi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na ambacho kimechaguliwa kimkakati kwa kuwa hakina dirisha, hakina picha ukutani, na tumeafikiana kwamba kwa muhula wa kwanza kisiwe na mwalimu pia, ili pasiwepo kitu chochote cha kuwapotezea umakini.

(Hapa hakuna aliyepiga makofi. Mimi mkono wa mama niliubana mpaka akaniambia taratibu, mwanangu, hivyo vidole bado navitumia. Kwa wiki mbili tangu ile barua ije, nilikuwa namkalisha binti yangu jikoni kila jioni atazame mfuniko wa sufuria, na mimi nahesabu. Alifika mia mbili siku moja, kisha akaniuliza kwa nini matone chini ya mfuniko yanakimbiliana. Nikamwambia anyamaze, tuanze upya. Si kwamba nilikuwa namchukia. Nilikaa benchi la pembeni, la waliotengwa darasani, mwaka mzima nilipokuwa kama yeye, na najua benchi hilo linafundisha kitu kimoja tu, nacho ni njia ya kurudi nyumbani mapema. Nilinyoosha mkono, nikauliza ni nani aliyempima mtoto wangu na lini, maana yeye anasema hajaona mtu. Mheshimiwa alisema maswali ni mwishoni, na kwamba mtoto asiye na umakini hawezi kukumbuka kama amepimwa.)

Kama nilivyosema, matokeo ya awali yanatia moyo sana. Asilimia thelathini na nne ya watoto huweza kutulia kwa dakika sita, asilimia thelathini na nane...

(Binti yangu alisimama. Wale kumi na saba walikuwa wamekalishwa mkeka wa mbele, ili waonekane.

"Shikamoo. Hapo umeshasoma."

Mheshimiwa aliitikia marahaba, akamweleza kwa upole kwamba kurudia ni mbinu ya kitaalamu ya kusisitiza.

"Lakini mwanzo ulisema arobaini na tatu. Saa hizi umesema thelathini na nne."

Mwalimu wa hesabu aliinua macho kutoka kwenye viatu. Mheshimiwa alisema takwimu zote mbili ni sahihi, moja ya asubuhi na nyingine ya karibu na mchana. Kisha akamuuliza jina, akapitisha kidole kwenye karatasi yake.)

Namba sita. Nashukuru sana, mtoto, kwa kutusaidia. Ndugu wazazi, mnajionea wenyewe bila mimi kuongeza neno: badala ya kutulia, anasikiliza.

(Ukumbi ulicheka mpaka mkeka wa mbele nao ukacheka. Mimi sikucheka mara moja. Kwanza nilitazama karatasi ile mkononi mwake, kwa sababu kicheko hakifuti jina.)

Nafurahi kuona mwitikio chanya. Kabla sijahitimisha, naahidi: kitajengwa Kituo cha Umakini chenye viti visivyolia, zitakuja kompyuta za kupima macho ya mtoto yanakokwenda na kuyarudisha, na kila mzazi atapewa fomu ya kurasa kumi na mbili ya kujaza jinsi alivyomwangalia mtoto, wakati akimwangalia. Sasa nikisema macho mbele, nyinyi semeni masikio wazi. Macho mbele!

(Masikio wazi.)

Masikio wazi!

(Macho mbele. Au tulitakiwa kunyamaza, hatukuelewana.)

Asanteni. Sasa nitoe shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa. Nawashukuru watafiti wa mradi huu, ambao watapatikana pindi nafasi zao zitakapotangazwa. Navishukuru vipimo vya kisasa, ambavyo vikifika nitahakikisha vinafunguliwa. Nawashukuru wenzetu wa kitengo cha ufugaji wa kuku, waliotuazima asilimia, kwa kuwa wao walikuwa nazo za ziada. Namshukuru karani wangu shupavu, ambaye tulipoagizwa saa tano na nusu kwamba majina ya watoto wasio na umakini yanatakiwa saa sita kamili, hakubabaika, bali alifungua faili la shule hii na kukuta orodha ya majina kumi na saba, imeandikwa vizuri, imepigwa mstari. Namshukuru kwa dhati mtaalamu aliyeiandaa orodha hiyo, naye yupo hapa, namwona pale mlangoni, naomba asimame tumpigie makofi: fundi vioo. Na zaidi ya wote nawashukuru watoto hawa wapenzi, ambao utafiti utakapoanza nitafurahi sana kuwaona tena, baada ya leo kuwaona kwa mara ya kwanza. Ahsanteni kwa umakini wenu.

(Mheshimiwa alipiga makofi peke yake. Fundi vioo alisimama, kofia mkononi, akamtazama Mwalimu Mkuu kama mtu aliyeitiwa kosa.

"Mwalimu, ile karatasi niliyokupa? Hao ni wa madawati ya dirishani. Nilitaka wahame siku mbili nikibadilisha vioo, visije vikawadondokea."

Mwalimu Mkuu alipanda jukwaani, akainyoosha mikono yote miwili mbele ya Mheshimiwa kwa adabu kubwa, mpaka akapewa karatasi ile. Aliisoma. Aliikunja mara nne, akaitia mkobani, akasema vioo vimeshawekwa na Jumatatu kila mtoto atakaa alipokuwa anakaa. Mheshimiwa alisema hayo ndiyo matokeo ya kwanza ya mradi, na akaomba yaandikwe.

Mama yangu aliachia mkono wangu, akajipangusa macho kwa pembe ya khanga, akasema alijua tangu mwanzo. Hakujua. Alikuwa ameswali rakaa mbili kabla hatujatoka.

Njiani binti yangu alisimama mara tano: kwenye bomba linalovuja, kwa fundi baiskeli, kwa paka aliyelala juu ya boneti ya gari, na mara mbili sikuona ni kwa nini. Ile ya tano nilichuchumaa karibu yake, nikamuuliza tunatazama nini.)